Mkutano wa mwaloni si mahali pa kuungama

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Tuseme mtafiti anataka kujua nani aliingia majini usiku kwa siri. Anawakusanya wavuvi ishirini wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kivulini, anauliza. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, yupo. Mwenye chombo yupo, pamoja na vijana wanaokula kwa chombo hicho. Mkubwa atajibu kwanza, wengine wataitikia "ni kama alivyosema mzee". Ripoti itaandika majibu ishirini, kumbe ni moja.

Mikutano ina utetezi wake, tena si mdogo. Uliza bei ya ndoo ya dagaa: anayedanganya atazomewa pale pale. Yanayojulikana na wote husahihishwa na wote. Taabu huanza swali likigusa kosa, aibu au riziki ya aliyekaa jirani.

Basi mvute mvuvi pembeni, utaambiwa kweli. Hapo nasita, kwa sababu ya VOICE, jaribio la kinga ya VVU la 2009 hadi 2012 lililohusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa maelezo ya washiriki wenyewe, wengine wakijibu kwenye kompyuta bila kutazamwa na mtu, karibu asilimia 90 ya dozi zilitumika. Damu ilikataa: dawa ilikutwa katika sampuli chini ya theluthi moja. Walipohojiwa baadaye walitaja hofu ya kudhaniwa wana VVU, wenza wao, na maneno ya wanawake wenzao kwenye foleni ya kliniki. Hasara haikuishia kwenye majibu. Jaribio halikuonyesha kinga, ilhali vidonge vya aina hiyo hiyo vilikinga kwingine, kwa waliovimeza.

Kibirizi ningejaribu sarafu, njia iliyotokana na wazo la Stanley Warner la 1965. Mvuvi anairusha peke yake. Ikiangukia kichwa, anasema "ndiyo" tu. Ikiangukia upande wa pili, anasema kweli. "Ndiyo" yake haimfungi, ila zikizidi nusu ya wote, ziada inahesabika. Watu ishirini hawatoshi, wanatakiwa mamia. Na mmoja akinong'ona kwamba ni mtego wa maofisa uvuvi, wote watakimbilia "hapana", ingawa hilo nalo litaonekana kwenye hesabu: "ndiyo" zitashuka chini ya nusu.