Urithi wa Wagiriki na Warumi: Magharibi Iliupokea au Iliuchagua?

Mwaka 1846 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba vita vya Marathon vya mwaka 490 K.K., ambapo Waathens waliwashinda Waajemi, vina uzito mkubwa zaidi katika historia ya Uingereza kuliko vita vya Hastings vya mwaka 1066, vilivyowapa Wanormani kiti cha enzi cha Uingereza yenyewe. Alisema matokeo ya Marathon yangekuwa mengine, huenda Waingereza wangekuwa wangali wakitangatanga porini. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo, japo kwa lugha ya tahadhari zaidi: kwao demokrasia, sheria, falsafa na sayansi za Ulaya na Marekani ni mkondo mmoja ulioanzia Athens na Roma. Wapo pia wanaoona kwamba mkondo huo ni ngano iliyotungwa na Wazungu wa karne ya 18 na ya 19 ili wajipatie ukoo wa heshima. Kila upande una ushahidi wake, ila wote wanauzungumzia urithi huu kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali nguvu yake inatofautiana mno kutoka eneo moja hadi jingine. Katika sheria ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na katika demokrasia, ambako ndiko unakosifiwa zaidi, ni mdogo.

Tuanze na huko kwenye sifa. Athens ya karne ya 5 K.K. ilikuwa na Baraza la watu 500 ambao wajumbe wake walipatikana kwa bahati nasibu, na juu yake ulikuwapo mkutano mkuu ambao kila raia mwanamume angeweza kuhudhuria na kupiga kura. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwamo. Aristotle aliona kuchagua viongozi kwa kura ni desturi ya utawala wa wachache, na kwamba desturi ya kidemokrasia ni bahati nasibu. Kwa kipimo hicho, hakuna nchi ya Magharibi leo ambayo angeiita demokrasia bila kusita. Bunge kama tunavyolijua lilikua kutokana na mabaraza ya wafalme wa Enzi za Kati, walipohitaji ridhaa ya makabaila na miji ili watoze kodi. Nao waliotunga katiba ya Marekani mwaka 1787 waliiogopa Athens. James Madison aliitaja kama mfano wa vurugu za umati, na yeye na wenzake walitia saini makala zao za kuitetea katiba hiyo kwa jina la Kirumi, Publius. Walichokitamani kilikuwa jamhuri ya Roma yenye Seneti na mamlaka yanayozuiana. Sifa za Athens zilishika kasi katika karne ya 19, wakati haki ya kupiga kura ilipokuwa ikipanuka na demokrasia ikahitaji mababu.

Sheria ina habari tofauti kabisa, kwa sababu hapa tunaweza kuufuata mkono hadi mkono. Mwaka 533 Justinian, mfalme wa Dola la Kirumi la Mashariki, akiwa Konstantinopoli, alitangaza Digesta, mkusanyo wa maandishi ya wanasheria wa Kirumi katika vitabu 50. Katika Ulaya ya Magharibi mkusanyo huo ulisahaulika kwa karne kadhaa, hadi ulipoanza kufundishwa Bologna kuelekea mwisho wa karne ya 11. Wanafunzi waliotoka huko waliijaza Ulaya makarani, mahakimu na washauri wa wafalme waliofikiri kwa mtindo mmoja juu ya umiliki, mkataba na fidia. Mtindo huo uliingia katika sheria ya madai ya Napoleon ya mwaka 1804 na ile ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 1900. Uingereza ilibaki pembeni kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana msomaji aliyeko Lubumbashi, ambako Wabelgiji waliacha sheria ya madai yenye asili ya Napoleon, anaishi karibu zaidi na Roma kuliko msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyerithi mapokeo ya Kiingereza.

Kanuni ya Napoleon kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima amfidie inatokana, kupitia wanasheria wa Enzi za Kati na wa karne ya 17, na sheria ya Aquilia iliyopitishwa Roma katika karne ya 3 K.K. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba anayemuua bila haki mtumwa au mnyama wa kufugwa wa mtu mwingine atamlipa mwenye mali bei ya juu kabisa ya mali hiyo ndani ya mwaka uliopita. Mtumwa na ng'ombe wamo katika sentensi moja. Sioni sababu ya kuificha asili hiyo, wala sioni kwamba inaibatilisha kanuni yenyewe, ambayo leo humlinda hata mnyonge dhidi ya tajiri.

Njia ambayo elimu ya Wagiriki iliifikia Ulaya nayo inaitia doa hoja ya mkondo mmoja. Katika Baghdad ya karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri vitabu vya tiba na falsafa kwa Kisiria na Kiarabu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, akiwa Toledo, aligeuza kwa Kilatini vile vya Kiarabu, kikiwamo kitabu kikuu cha elimu ya nyota cha mwanazuoni Ptolemaio. Aristotle aliyesomwa na Thomas Aquinas aliambatana na maandishi ya ufafanuzi ya Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba. Mashairi na tamthilia za Kigiriki, ambazo Waarabu hawakuzishughulikia sana, zilihifadhiwa na Wakristo wa Konstantinopoli, mji ambao wanajeshi wa msalaba kutoka Magharibi waliupora mwaka 1204. Waislamu na Waorthodoksi walikuwa warithi wa Ugiriki kabla ya Paris na Oxford, lakini masimulizi yaliyozoeleka huwafanya kama wachukuzi waliobeba mzigo wa mtu mwingine.

Hata hivyo wapo wakosoaji wanaovuka mpaka upande wa pili na kudai kwamba Wagiriki waliiiba falsafa yao Misri. Ni kweli kwamba alfabeti yao ilitoka kwa Wafoinike, na elimu yao ya nyota iliidai Babeli mengi. Mwanahistoria wao Herodotus mwenyewe alikiri madeni ya Wagiriki kwa Misri. Lakini dai kwamba Aristotle aliipora maktaba ya Alexandria halisimami, kwani maktaba hiyo ilianzishwa na akina Ptolemaio, ukoo wa wafalme walioitawala Misri, baada ya yeye kufa mwaka 322 K.K.

Lawama nzito zaidi ni ya matumizi. Katika mjadala wa Valladolid, Hispania, wa mwaka 1550, mwanazuoni Mhispania Sepúlveda alitumia fundisho la Aristotle la watu waliozaliwa kuwa watumwa ili kuhalalisha vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, na watetezi wa utumwa wa kusini mwa Marekani walilirudia karne tatu baadaye. Mussolini, akijidai mrithi wa makaisari, aliivamia Ethiopia na mwaka 1937 akausafirisha mnara wa Aksum hadi Roma. Ulirudishwa mwaka 2005. Watetezi hujibu kwamba Digesta ileile imehifadhi maneno ya mwanasheria Ulpian kwamba kwa sheria ya asili watu wote huzaliwa huru. Ni kweli, ila maneno hayo yalikuwapo siku zote, na kwa karne nyingi wenye mamlaka walipendelea kumsoma Aristotle.

Mwaka 2021 idara inayofundisha masomo ya Wagiriki na Warumi wa kale katika Chuo Kikuu cha Princeton iliondoa sharti la Kigiriki au Kilatini kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa nia ya kuwakaribisha wanafunzi wengi zaidi. Nia hiyo naiunga mkono, ila dawa haigusi ugonjwa. Kama tatizo ni masimulizi yaliyomwacha nje Hunayn na kumpendelea Aristotle kuliko Ulpian, mageuzi ya maana zaidi yangekuwa kuongeza Kiarabu na Kisiria kando ya Kilatini.