Nimonia ikirudi palepale, tafuteni kinachoziba

Jamani kuna kitu kinaniuma sana kuhusu wagonjwa wa kifua huku kwetu. Mtu anakohoa miezi na miezi, mara damu kidogo kwenye makohozi, mara kifua kinalia kama filimbi, anaambiwa ana pumu anapewa inhela, haisaidii, basi anaambiwa TB na kuanzishiwa dozi ya miezi 6 wakati makohozi yamepimwa hayana kitu. Naelewa, TB ipo nyingi na daktari anayeiwazia kwanza hakosei. Ila nimonia ikirudi mara ya tatu, pafu lilelile, sehemu ileile, hapo lazima mjiulize kuna nini kimeziba njia ya hewa.

Kinaweza kuwa uvimbe unaoitwa kasinoidi. Ni nadra kweli, kama asilimia 1 hadi 2 tu ya kansa za mapafu, na unawapata hata vijana ambao hawajawahi kugusa sigara, ndo maana hakuna anayeuwazia. Eksirei ya kawaida inaweza isiuone ukiwa umejificha ndani ya mrija wa hewa, inatakiwa siti skani halafu bronkoskopi, yaani kamera nyembamba inapitishwa mpaka ndani ya pafu na kipande kinachukuliwa kwa tahadhari maana unavuja damu kirahisi. Kipande kinaenda maabara, wanahesabu seli zinazogawanyika: chini ya 2 kwenye milimita 2 za mraba na hakuna nyama iliyokufa, huo ni ule mpole, zikifika 2 hadi 10 ni mkorofi zaidi.

Na ule mpole unatibika! Ukitolewa kwa upasuaji, karibu watu 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Wala si lazima pafu zima liondoke, mwaka 1947 kule Uingereza daktari Clement Price Thomas alimpasua kijana wa jeshi la anga, akakata kipande cha mrija chenye uvimbe akaunganisha ncha mbili kama fundi bomba, pafu likabaki.

Tatizo ni kuchelewa. Nyuma ya kizuizi makohozi yanatuama, maambukizi yanarudi kila mara, mwisho pafu linaharibika kabisa na hata daktari bingwa hana la kuokoa, inabidi alikate. Kwa hiyo madaktari wetu, kama makohozi hayana TB na dawa hazileti nafuu, mwandikieni mgonjwa rufaa ya siti skani mapema, na nyie ndugu msitupe eksirei za zamani, zibebeni zote daktari azilinganishe.