Kidole Gumba Juu ya Kioo: Kuzipima Hoja za Wachezaji wa The King of Fighters ya Simu

Tangu michezo ya kupigana ya miaka ya tisini ya SNK, kampuni ya Japani, ianze kuhamishiwa kwenye simu, wachezaji wake wamegawanyika katika makundi mawili ambayo ni nadra kusikilizana. Kundi la kwanza linashikilia kwamba The King of Fighters '98 (KOF '98) iliyo kwenye simu ni ileile iliyokuwa kwenye mashine za sarafu za Neo Geo, kwa picha, kwa sauti na kwa kasi, na kwamba anayeshindwa kuicheza akafanye mazoezi. Kundi la pili linajibu kwamba mchezo unaweza kuwa uleule katika kila pikseli na bado usichezeke, kwa sababu mashine ilikuwa na kijiti na vitufe halisi, ilhali simu ina kioo kitupu. Juu ya ubishi huo umeongezeka mwingine, wa wale waliotaka mchezo ubadilishwe kabisa ili ulingane na simu, na wale wanaouona ubadilishaji huo kuwa uporaji wa kitu walichokipenda tangu utotoni.

Nimezifuatilia hoja hizi kwa muda mrefu, na naamini nyingi zinakosa kipimo. Kipimo ninachokipendekeza ni cha zamani kuliko simu zenyewe. Katika kumbi za mashine, iwe Japani, China au Amerika ya Kusini ambako The King of Fighters '97 ilipendwa mno, sarafu ilinunua muda wa kucheza na haikununua nguvu. Mtu akishatumbukiza sarafu yake alisimama mbele ya mpinzani akiwa na wapiganaji walewale, mapigo yaleyale na vitufe vilevile. Hali ilikuwa hiyohiyo katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako wengi wetu tulijifunza kupigana kwa Tekken 3 ya PlayStation: ulilipia mchezo au dakika, na baada ya hapo kilichobaki ni mikono yako. Toleo lolote la simu linalodai kurejesha ladha ya zamani linapaswa kuulizwa kwanza kama usawa huo bado upo.

Nianze na suala la vidhibiti, kwa kuwa ndilo lenye malalamiko mengi na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. KOF '98 ilitengenezwa kwa vitufe vinne, yaani ngumi nyepesi, teke jepesi, ngumi nzito na teke zito, pamoja na kijiti chenye pande nane. Pigo la moto la mpiganaji Iori Yagami linahitaji kijiti kipite chini, chini-mbele na mbele kabla ya ngumi, na hilo hata kidole gumba hulimudu juu ya kioo baada ya siku chache. Pigo lake kubwa, Yaotome, ni jambo jingine: robo duara kwenda mbele, kisha nusu duara kurudi nyuma, jumla ya nafasi saba mfululizo, halafu ngumi. Kijiti humjulisha mchezaji kwa mguso na kwa mlio kwamba amefika ukingoni. Kioo hakisemi chochote. Kidole huteleza nje ya duara lililochorwa, mchezaji hana habari, na anachokiona ni Iori akiruka hewani huku mpinzani akimsubiri chini. Zaidi ya hapo, baadhi ya vitendo vya msingi hudai vitufe viwili kwa wakati mmoja: kubiringita kukwepa pigo ni ngumi nyepesi pamoja na teke jepesi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivyokuwa vikilala juu ya vitufe vya mashine sasa vimegeuka kuwa kidole gumba kimoja.

Wanaosema kwamba yote haya yanatibika kwa mazoezi wana ukweli wao, kwa maana wapo wanaocheza kwa kioo kwa ustadi wa kushangaza. Hata hivyo hoja yao inasahau muda. Mchezo huu hukimbia kwa takriban fremu (picha zinazofuatana) 60 kwa sekunde, kila fremu ikiwa na milisekunde 17 hivi, na binadamu huhitaji zaidi ya fremu kumi kuona jambo na kuitikia. Mchezaji ambaye amri yake moja kati ya nne inapotea juu ya kioo hawezi kuifidia kwa akili wala kwa kumbukumbu, kwa kuwa nafasi aliyoiona imeshapita. Mazoezi hupunguza kasoro hiyo bila kuiondoa.

Kwa upande wa pili, wanaodai kwamba kioo hakifai kabisa kwa mchezo wa kupigana nao wanavuka mpaka. Mwaka 2010, Capcom ilipoleta Street Fighter IV kwenye iPhone, ilipunguza vitufe sita vya asili hadi vinne, kimoja kati yake kikiitwa SP, ambacho kilitoa mapigo maalumu bila kuzungusha kijiti. SNK ilifuata njia hiyohiyo katika matoleo yake ya simu yaliyotokana na The King of Fighters XIII. Wakongwe walikidharau kitufe hicho na kukiona ni cha watoto. Mimi nakiona kuwa jaribio la kweli la kuutafsiri mchezo kutoka kwenye mkono mmoja kwenda mwingine, ingawa tafsiri hiyo ina gharama ambayo wanaokisifu hawaizungumzii.

Gharama yenyewe ni hii. Ugumu wa amri haukuwekwa ili kuwakomoa wanaoanza. Ni sehemu ya bei ya pigo. Mpiganaji Leona, kwa mfano, ana pigo la kukata linalomtaka mchezaji ashikilie chini kwa muda kabla ya kupandisha kijiti juu na kupiga ngumi. Muda huo wa kushikilia ndio unaomzuia kusonga mbele ovyo, na mpinzani anayemjua Leona huusoma mkao wake na kujua ni lini pigo liko tayari na ni lini haliko. Mpe Leona kitufe kimoja kinachotoa pigo hilo papo hapo, hata akiwa anatembea mbele, na utakuwa umemuumba mpiganaji mwingine mwenye sura ya Leona. Ndiyo maana nilifurahi kuona namna Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ilivyolishughulikia tatizo hili kwenye konsoli na kompyuta: mchezaji anaweza kuchagua mfumo wa kisasa wenye pigo maalumu kwa kitufe kimoja, ila pigo lililotolewa kwa njia hiyo ya mkato hupungukiwa asilimia 20 ya madhara yake. Bei ya pigo imehamishwa kutoka kwenye kidole hadi kwenye nguvu, na haikufutwa. Matoleo ya simu ya michezo ya zamani yalistahili hesabu kama hiyo miaka mingi iliyopita.

Kuhusu picha sina maneno mengi, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wachezaji hulilalamikia pasipo kuliangalia vizuri. Neo Geo ilichora picha ya pikseli 320 kwa 224, umbo lililokaribia mraba la televisheni za zamani, wakati simu nyingi za leo zina kioo kirefu cha uwiano wa 20 kwa 9. Picha ikiachwa katika umbo lake la 4 kwa 3, hutumia sehemu 12 tu kati ya 20 za upana wa kioo, na asilimia 40 hubaki nyeusi pembeni. Watu huona weusi huo kuwa upungufu na huomba picha ivutwe ijaze kioo. Kumbe weusi huo ndio zawadi pekee ambayo simu ndefu imeupa mchezo wa zamani, kwa kuwa asilimia 20 kila upande inatosha vidole gumba viwili kukaa bila kuwafunika wapiganaji. Anayeivuta picha hupata Iori mnene aliyefunikwa na kidole.

Sasa nije kwenye fedha, ambako naona mizani ikielemea upande mmoja waziwazi. Kampuni ya Netmarble ya Korea Kusini ilitoa The King of Fighters All Star nchini Japani mwaka 2018 na kwingineko mwaka 2019. Ilikuwa bure kupakua, iliwakusanya wapiganaji wa kila mwaka tangu '94, na ilitatua tatizo la kioo kwa kuachana na amri za kijiti: mchezaji alisonga mbele akipiga makundi ya maadui, mapigo maalumu yakiwa kwenye vitufe vyenye muda wa kusubiri, na angeweza hata kuiacha simu ipigane yenyewe. Waliousifu walisema kwamba hatimaye wanawaona Kyo na Iori wao wakiwa wamechorwa upya kwa uzuri, kwamba mchezo haukuwaadhibu kwa kukosa kijiti, na kwamba mtu asiye na senti angeweza kuanza. Hizi si hoja za kupuuzwa. Mtu mwenye dakika kumi ndani ya daladala hahitaji kufundishwa Yaotome.

Lakini wapiganaji walipatikana kwa gacha, yaani bahati nasibu ambamo unalipa vito, fedha ya ndani ya mchezo, usijue utakachopata, na mpiganaji aliyekuzwa kwa malipo alimshinda asiyekuzwa hata kama mikono iliyomshika ilikuwa mizembe. Hapo kipimo changu cha awali kinatoa jibu lisilo na utata: sarafu imeanza kununua nguvu. Sidhani kwamba mchezo huo ulikuwa mbaya. Nadhani ulikuwa mchezo wa aina nyingine uliovaa sura za tunaowapenda, na waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika kwa kuwa jina la juu ya mlango liliahidi mashindano ya mikono. Kisha, mwezi Oktoba 2024, seva zake zilizimwa. Kwa kuwa mchezo haukuweza kufunguka bila intaneti, kila kilichokuwa kimenunuliwa ndani yake kilikoma siku hiyohiyo, mpiganaji wa bure na wa kulipia sawasawa.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kusema kwamba anayetaka kumiliki mchezo anunue toleo la kulipia mara moja. Nalo lina makaburi yake. Apple ilipotoa iOS 11 mwaka 2017, iPhone ziliacha kufungua programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa vichakato vya zamani, na kuanzia Agosti 2021 duka la Google nalo likaacha kuzitoa programu za aina hiyo pekee kwa simu zenye uwezo wa biti 64. Michezo mingi ya kulipia ya mwanzoni mwa muongo uliopita, ambayo watengenezaji wake hawakuona faida ya kuiandika upya, ilipotea hivyo, bila seva kuzimwa na bila tangazo la kuaga. Capcom iliirejesha Street Fighter IV mwaka 2017 kwa jina la Champion Edition, ila kama programu mpya ya kulipia. Katika ubishi wote nilioufuatilia, kero hii ya kutoweka hutajwa kidogo kuliko ukubwa wa vitufe, nami naiona kubwa kuliko zote, kwa kuwa vitufe vibaya vinaweza kurekebishwa na mchezo usiofunguka haurekebishwi na mchezaji.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada lenye uzito. Katriji, yaani kaseti ya mchezo, ya KOF '98 ilikuwa na megabiti 683, yaani takriban megabaiti 85. Mchezo mzima, wenye wapiganaji 38 na muziki wake wote, ni mdogo kuliko masasisho ya programu nyingi za leo, na ukishapakuliwa hauhitaji bando. All Star ilidai gigabaiti kadhaa na muunganisho wa kudumu. Anayesema kwamba mchezo wa bure ndio rafiki wa mtu mwenye kipato kidogo ajumlishe bando kwanza, kwa sababu kila mchezo wa ACA NEOGEO, mfululizo wa michezo ya zamani ya Neo Geo ambao kampuni ya Hamster ilianza kuuleta kwenye simu Desemba 2021, huuzwa kwa dola chache kwa mara moja, na gharama inaishia hapo.

Mfululizo huo ndio ninaoutumia, nao pia una pengo ambalo kundi la kwanza hulifumbia macho. Umewekewa mashindano ya alama na hali ya kucheza kwa dakika tano, vitu vinavyofaa sana michezo ya kufyatua ndege, lakini mchezo wa kupigana haukuundwa ili kukusanya alama dhidi ya kompyuta. Uliundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kando yako. Matoleo ya SNK ya mwaka 2012, pamoja na kasoro zake zote, yaliruhusu simu mbili kupambana kwa Bluetooth bila bando, na hatua hiyo ilikuwa karibu zaidi na banda la gemu kuliko orodha yoyote ya alama ya dunia nzima. Ningependa kuona KOF '98 ya simu yenye picha isiyovutwa, Bluetooth ya watu wawili, na kitufe cha SP kinachopunguza madhara kwa moja ya tano, ambacho mchezaji akikiwasha mpinzani wake anaoneshwa kabla ya raundi ya kwanza. Hadi hapo, pedi ya vitufe halisi ya bei nafuu kutoka Kariakoo au Luthuli ikichomekwa kwenye simu huondoa malalamiko ya vidole kwa siku moja, na kazi inayobaki ni kumpata mtu wa kupigana naye.