Hongera Sana, Nitumie PDF

Jamani, kutunga shairi ni kazi ndogo. Kina kikigoma unakizunguka, unalala nacho, asubuhi kinakuja chenyewe. Binadamu haji. Mwambie umetoa kitabu cha mashairi uone: anakushika mkono kwa nguvu, anakutazama kama mtu aliyefiwa, kisha anasema, "Hongera sana! Nitumie PDF."

PDF! Kitabu kina karatasi, kina jalada, kinanukia wino, kiko mkononi mwangu. Nasema, "Hiki hapa, kinauzwa." Anacheka mpaka anashika mbavu. Anadhani ndiyo ucheshi wa washairi.

Msiniulize kwa nini nilijichapishia. Wachapishaji wawili watatu walinijibu kwa adabu zote kwamba mashairi hayauziki. Wengine hawakujibu kabisa, na hao nawaheshimu zaidi. Basi nikawa kampuni. Mtunzi mimi, mhariri mimi, mhasibu mimi, mchukuzi mimi, mlinzi wa ghala mimi, na ghala lenyewe liko chini ya kitanda. Juzi tulifanya mkutano wa wafanyakazi wote nikiwa nanyoa ndevu, tukaafikiana kwa kauli moja kwamba idara ya mauzo inatuangusha.

Kuhusu ghala sina kinyongo, maana nina mwenzangu. Henry David Thoreau wa Marekani alilipia kitabu chake cha kwanza (nathari ile, wala si mashairi), zikapigwa nakala 1,000. Mwaka 1853 akarudishiwa nakala 706, akazibeba mgongoni mpaka chumbani. Akaandika kwenye shajara yake kwamba sasa ana maktaba ya vitabu karibu mia tisa, na zaidi ya mia saba kaviandika mwenyewe. Huyo mtu ningependa tukae tuongee.

Halafu kuna ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13, inayoanza na 978 au 979. Sikujua kwamba huzuni zangu zinahitaji kusajiliwa. Tena toleo la karatasi lina namba yake na la kielektroniki lina yake. Huzuni ni ileile, namba mbili. Nchi nyingi pia zina sheria ya kuwasilisha nakala kwenye maktaba ya taifa. Watunzi wenzangu wananung'unika kutoa vitabu bure. Mimi niliondoka pale natabasamu. Hatimaye nimepata msomaji anayelazimishwa na sheria.

Kitabu chenyewe kilitoka chembamba. Mpiga chapa akaniambia mgongo hautoshi kuandikwa jina, kwa hiyo kikisimamishwa kwenye rafu hakijulikani ni cha nani. Suluhisho lake? Niongeze kurasa. Niongeze nini, ndugu yangu, maombolezo?

Lakini kilichonitoa machozi ni toleo la kielektroniki. Mshororo wangu una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), umenyooka, una heshima zake. Sasa maandishi ya vitabu hivi hujipanga upya kila mara, kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji. Mzee mwenye macho hafifu akikuza herufi, tarbia yangu ya mishororo minne inageuka ngazi. Kina cha kati kinaangukia mwisho, cha mwisho kinajikuta katikati, kibwagizo kinasukumwa ukurasa unaofuata, kinabaki huko kinabwagiza peke yake. Msomaji mmoja aliyenunua (nasisitiza, aliyenunua) akaniandikia kunipongeza kwa ujasiri wa kuzitupa kanuni na kuhamia mashairi huru. Mimi! Niliyenuniana na rafiki wa siku nyingi kwa sababu ya mizani moja iliyozidi!

Wajuzi wakasema tatizo sijitangazi. Haya, nikajitangaza. Nikabandika mtandaoni shairi la beti saba, likapendwa na mama mdogo na mtu nisiyemjua anayetaka kunikopesha pesa. Nikabandika picha ya kitabu kando ya kikombe cha chai. Hapo watu wakamiminika, wanauliza kikombe nimekitoa wapi. Nikabandika shairi la huzuni, shangazi akapiga simu analia, anataka kujua nimelazwa wodi gani. La mapenzi ndilo usiliguse kabisa. Mke wangu alilisoma kimya, akarudia, kisha akauliza, "Huyu mwenye macho ya kungu ni nani?" Nikasema, ni wewe. Akaenda kwenye kioo, akajitazama kwa muda, akarudi. "Nimekuuliza, ni nani?"

Uzinduzi nao tuliufanya. Watu walijaa, siwasingizii. Kila mmoja alipiga picha ameshika kitabu, anatabasamu. Nilipokuja kuziangalia zile picha, nakala ni ileile, ina kona iliyokunjika, inazunguka mikono yote ukumbini.

Na maoni ya wasomaji, maana bila maoni hakuna duka la mtandaoni litakalokuonyesha. Kumbe kuna maduka makubwa yanayokataza jamaa na marafiki wa karibu wasikusifie. Sasa mlitaka anisifie nani? Ukiwaondoa jamaa na marafiki, kitabu cha mashairi kinabaki na mtunzi na mpiga chapa, na mpiga chapa hajakisoma. Zamani palikuwa na ustaarabu. Walt Whitman huko huko Marekani alijichapishia mashairi yake mwaka 1855, kisha akakaa akaandika uhakiki wa kukisifu kitabu chake bila kutia jina, magazeti yakautoa. Leo anasomeshwa vyuoni. Mimi nikijaribu, akaunti inafungwa kabla sijafika kwenye "gwiji".

Watu wema hunifariji kwa habari ya akina dada watatu wa Uingereza, Charlotte, Emily na Anne Brontë. Mwaka 1846 walitoa pesa zao, wakachapisha mashairi kwa majina ya bandia, na katika mwaka mzima zikauzwa nakala mbili. Eti nivute subira, nao waliishia kuwa magwiji. Mimi kila nikiisikia napiga hesabu tu. Dada watatu, nakala mbili. Hata wao kwa wao kuna mmoja aliyesema nitumie PDF.

Si kwamba watu hawapendi mashairi. Wanayataka sana, hasa usiku wa kuamkia shughuli. Jana amenipigia mtu, bosi wao anastaafu, wanataka shairi la kumuaga. "Beti tano tu, lisiwe na maneno magumu, na jina lake liwe ndilo kina." Malipo? Nitatajwa. Nikauliza bosi anaitwa nani. Anaitwa Kristofa. Nimekaa nalo tangu magharibi. Ubeti wa kwanza umekula sifa, taifa na wadhifa. Wa pili yamebaki maafa, kufa na sofa. Nimeanza na sofa, maana mtu anastaafu.