Miaka minne ya usanifu wa grafiki: kijana wa Amu anarudi na nini?

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanapotoka, mjadala huu hurejea barazani Amu, yaani Lamu. Kijana amepata C+, alama inayomfungulia mlango wa chuo kikuu, na anachotaka ni usanifu wa grafiki. Kuna wanaouliza: miaka 4 Nairobi kwa kitu ambacho mtu hufunzwa kwa miezi 3? Na kuna wanaoshikilia kwamba bila shahada atabaki kuchapa kadi za harusi maisha yake yote. Wote wana la maana, ila wa kwanza wanapima programu za kompyuta na wa pili wanapima karatasi, na kazi yenyewe haimo katika viwili hivyo.

Tuanze na programu. Ni kweli, Photoshop au Inkscape haihitaji miaka 4. Miezi 3 ya bidii yatosha kujua kukata picha, kupanga matabaka na kuchora nembo kwa vekta, michoro isiyopoteza ukali ikikuzwa. Lakini kazi haiharibikii hapo. Chukua bango la Maulidi lenye upana wa mita 3. Mteja anatuma picha ya msikiti kwa WhatsApp, nayo imeshabanwa hadi pikseli (vitone vinavyounda picha) kama 1,600 kwa upande mrefu. Kwenye kadi ya sentimita 13 itatoka safi, kwani chapa ya kusomwa mkononi hutaka pikseli 300 kwa inchi. Mita 3 ni inchi 118, kwa hiyo kila inchi ya bango inaambulia pikseli 13 au 14. Bango la kutazamwa kwa mbali hutosheka na 100, lakini 13 ni chache mno, na msikiti unatoka vigaevigae.

Bado rangi. Ile samawati ing'aayo ya bahari ya Shela hutengenezwa kwa mwanga kwenye kioo cha kompyuta. Mashine ya kuchapa haina mwanga, ina wino wa rangi nne, na samawati hiyo hutoka imefifia. Maandishi madogo meusi nayo yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Ukiyapa rangi zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo mashinani kila herufi itakuwa na kivuli cha rangi pembeni. Mpiga chapa hutaka pia milimita 3 za ziada kila upande, maana kisu cha kukatia hakikosi kuyumba, na pasipo ziada hiyo ukingo hubaki na mstari mweupe. Haya si makosa ya kucheka. Kazi iliyochapwa Mombasa ikija mbovu, hadi irudi, ichapwe upya, ipande basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, shughuli imeshapita.

Kosa linaloumiza zaidi ni la herufi za Kiarabu. Kila herufi hubadili umbo kulingana na ilipokaa katika neno, na programu isiyowekwa sawa huzitenganisha na kuzipanga kutoka kushoto. Msanifu asiyezisoma hataona tatizo. Mtoto wa chuo cha Kurani mtaani Langoni ataliona kabla bango halijafungwa kamba.

Sehemu kubwa ya haya mtu mwenye bidii aweza kujifunza mwenyewe, na wapo waliofanya hivyo. Shahada nzuri ina kitu kingine ambacho ni vigumu kukipata chumbani peke yako: kikao cha kukosoana. Kazi zinabandikwa ukutani, na kila mwanafunzi anaeleza kwa nini kichwa kina ukubwa huu, kwa nini nafasi hii imeachwa wazi. Akisema "nimependa tu," anarudishwa. Wiki baada ya wiki, kwa miaka, jicho linabadilika.

Leso yaweza kuonyesha ninachosema. Ina pindo, ina mji, yaani uwanja wa katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Jina hukaa sehemu ya chini ya mji, karibu na pindo, kwa mstari mmoja wa herufi kubwa, kwa sababu leso haisomwi mezani: inasomwa mgongoni mwa mwanamke anayetembea. Pindo nzito hulishika jicho lisitoke nje ya nguo. Waliopanga hivyo walikuwa wamefikiri mavazi, mwendo na umbali kwa pamoja, na fikira ya namna hiyo ndiyo mwanafunzi anayopaswa kutoka nayo chuoni. Anayekua katikati ya milango ya nakshi na leso ana mtaji ambao wengi darasani hawana, mradi afundishwe kuusoma.

Upande wa gharama siuchukulii mzaha. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hulipwa, na riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Soko la nyumbani ni dogo: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti nzima ya Lamu. Mwenye nyumba ya wageni au nahodha wa jahazi hataki kuona cheti, ataka kuona kazi ulizofanya. Kwa anayelenga wateja hao, stashahada, inayoanzia C-, pamoja na potifolio, yaani mkusanyiko, ya kazi kumi zilizochapwa kweli, ni njia ya heshima kabisa, na namshauri mzazi asiione kama ameshindwa. Shahada inahitajika pale ambapo potifolio haifiki: kuendelea na uzamili, kuelekea ualimu wa chuo kikuu, au kazi ambazo tangazo lenyewe linaitaja.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema shahada ni bora, lakini tu kwa chuo chenye vikao vya kukosoa kazi. Kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, ulizeni wanafunzi wangapi wako kwa mwalimu mmoja wa studio, na kama mwanafunzi huchapa kazi yake au huishia kwenye kioo. Ombeni kuziona kazi za mwisho za darasa lililotangulia, na muulize kama herufi za Kiarabu hufundishwa. Darasa la watu 100 wanaotuma kazi kwa barua pepe na kurudishiwa alama bila neno litamla kijana miaka 4 na kumwachia programu, zile zile za miezi 3.

Na kuna miezi mingi kati ya matokeo na kuripoti chuoni. Aitumie kutengeneza bango moja la kweli, kwa mfano la nahodha anayepeleka wageni Manda, kwa Inkscape isiyolipiwa. Alitundike gatini, kwenye jua na chumvi. Wino wa bei nafuu huliwa na jua, wekundu na umanjano ukitangulia, na bango hugeuka samawati na kijivu. Baada ya miezi 6 asimame mbele yake na kuangalia kama jina la jahazi bado linasomeka na kama nambari ya simu, aliyoiandika kwa rangi nyekundu, bado ipo.