Gari Kuukuu, Kodi ya Gari Jipya

Chukua magari mawili ya Toyota, yote ya petroli, yote injini ya cc 1,300. La kwanza lina miaka kumi na mitano, na mpaka linashuka bandarini, ukijumlisha bei ya kununulia, bima na nauli ya meli, limekula dola 4,000. La pili lina miaka saba na limekula dola 7,000. Nani atalipa kodi kubwa? Karibu kila niliyemuuliza hapa Tanga amenijibu kuwa ni mwenye gari la dola 7,000, na wapo walionitazama kama nawatega. Anayelipa zaidi ni yule wa dola 4,000.

Tupige hesabu pamoja. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kwa hiyo gari la dola 4,000 linaanza kwa kulipa 1,000. Sasa limekuwa 5,000. Juu ya hiyo 5,000 unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ndio wa injini za kati ya cc 1,001 na 2,000. Hapo weka 250. Halafu inakuja yenyewe, kodi ya uchakavu: gari likishatimiza miaka kumi linaongezewa asilimia 30, yaani dola 1,500. Mwisho VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya vyote hivyo, kodi juu ya kodi, dola 1,215. Jumla 3,965. Njoo kwa lile la miaka saba, ambalo halijafika umri wa kutozwa uchakavu: forodha 1,750, ushuru wa bidhaa kama 437, VAT kama 1,654. Jumla haifiki 3,850. Na hapo sijagusa tozo ya reli, ada za forodha, usajili, wala mtu wa kliaringi ambaye naye ana watoto wanaosoma.

Kwa maneno mengine, mwenye dola 4,000 ananunua gari moja na kulipia mawili. Mwenzake aliyemzidi kipato anaongeza kiasi kama nusu tu ya bei ya gari lake. Mimi sijawahi kuelezwa haki iliyomo kwenye hesabu hiyo nikaridhika.

Gari la sifuri kilomita silizungumzii hapa. Hilo ni la serikali, mashirika na miradi. Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima zishike kasi kule Chongoleani, tunapishana nayo barabarani, meupe, mapya, yana bendera ndogo kwenye mlingoti. Sisi wengine gari letu jipya ni lile lililotoka Japani likiwa limeshatumika na wenyewe, likaja kupewa namba yake ya kwanza ya T hapa nyumbani.

Jirani yangu mmoja wa Makorora ni mwalimu wa sekondari. Anataka IST, kale kagari kadogo ka Toyota. Hataki kitu kikubwa, anataka gari la kumpeleka mama yake hospitali bila kusubiri bajaji, na mwisho wa mwezi afike Lushoto kwa wakwe bila kubanwa kwenye basi. Ana daftari la kaunta ambalo zamani lilikuwa la maandalio ya vipindi; kurasa za nyuma ameligeuza kitabu cha bei. Safu ya kwanza tarehe, ya pili bei ya gari kwa dola, ya tatu kodi kama kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kilivyoitoa siku hiyo, ya nne dola inauzwaje. Safu ya mwisho ni akiba aliyonayo yeye SACCOS, chama chao cha kuweka na kukopa. Anaandika kwa wino wa buluu, na kila dola ilipopanda kaweka mshale mwekundu kama anasahihisha mtihani. Nilipolifungua niliona mishale mingi ya mwaka 2023 na 2024.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu huisahau wanapolalamikia yadi za magari. Thamani ya gari kwenye kikokotoo iko kwa dola, na kodi inafuata dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 2,330 hivi. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imegusa 2,700. Ile kodi yetu ya dola 3,965 ilipanda kutoka shilingi milioni 9.2 hadi milioni 10.7. Gari ni lile lile, mwaka wake ule ule, rangi ile ile ya fedha. Hakuna sheria iliyobadilishwa bungeni, lakini milioni moja na nusu zaidi zimemtoka mnunuzi. Baadaye shilingi ilipata nguvu, na mwaka 2025 zikatoka kanuni za kuzuia bidhaa za ndani kutangazwa bei kwa fedha za kigeni, jambo ambalo mimi naliunga mkono. Ila bei za yadi sikuziona zikiteremka kwa mbio zile zile zilizopandia. Muuzaji atakwambia mzigo huu niliuingiza dola ikiwa juu. Dola ikipanda, mbona hakumbuki mzigo alioununua ikiwa chini?

Japani nako kuna habari yake. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ule ni wa gharama kiasi kwamba wengi huona heri wauze wanunue jingine. Hayo wanayoyauza ndiyo yanayokwenda mnadani na kutufikia sisi. Mwaka 2021 na 2022 dunia ikapungukiwa chipu za kuundia magari, viwanda vikachelewesha magari mapya, Mjapani akabaki na lake la zamani, mnadani magari yakapungua. Tangu 2022 yeni imeshuka sana mbele ya dola, na hesabu ya haraka ingesema sasa tutapumua. Lakini mnada ni ule ule tunaoshindania sisi, Wakenya, Wazambia, Warusi na wengine, na kitu kikionekana rahisi kila mmoja ananyoosha mkono. Na IST aliyoizoea Mtanzania, ile ya kwanza, iliacha kuundwa mwaka 2007. Hakuna hata moja iliyo chini ya miaka kumi. Kila anayeiagiza anaingia moja kwa moja kwenye asilimia 30.

Bandari yetu ilipopanuliwa tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Zamani meli zilitia nanga mbali baharini, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini. Leo kina kimechimbwa kufikia mita 13 na meli zinafunga gatini zenyewe, zikiwemo za magari. Vijana wamepata kazi, hilo naliona kwa macho. Ila wapo waliotuahidi vijiweni kwamba magari Tanga yatakuwa bei ya kutupa. Yatakuwaje? Kushushia hapa kunakuokolea mafuta na posho ya dereva wa kukuletea gari kutoka Dar es Salaam, kilomita mia tatu na hamsini hivi. Laki kadhaa. Kodi ni milioni tisa au kumi, na kiwango ni kimoja iwe Tanga, Dar es Salaam au Mtwara.

Mkopo wa benki? Riba ya asilimia 15 au 16 kwa mwaka kwenye kitu kinachoshuka thamani kila kukicha. Mwalimu wangu aliuliza mara moja, akarudi kwenye daftari lake.

Basi watu wanafanyaje? Wanakwenda kwenye magari ambayo yako nchini tayari. Fungua status za madalali wa mjini asubuhi yoyote: "Gari ipo vizuri, injini haijaguswa, kadi original, ni kuwasha na kuondoka. Bei milioni 9, maongezi yapo." Namba C, yaani herufi za usajili wake zinaanza na C. Ukishuka bei kidogo unakuta namba B, iliyosajiliwa zamani zaidi. Zamani namba B ilikuwa ya kufanyia taksi tu au ya kujifunzia udereva. Sasa inagombaniwa, na mwenye nayo anaringa. Magari hayo hayalipi kodi ya uchakavu, kwa sababu uchakavu unatozwa siku ya kuingia nchini tu. Ukishavuka geti la bandari, zeeka utakavyo.

Na hapa Tanga gari linazeeka vibaya. Sisi tunakaa na bahari mlangoni. Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja ya Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, fundi ameinua Carina namba B kwa jeki mbili na magogo. Akaniita, "Kaka, njoo uone kitu." Akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye sakafu chini ya kiti cha dereva, hakugonga wala hakusukuma. Bisibisi ikapita. Chumvi ilikuwa imekula bati mpaka likawa kama karatasi iliyolowa, na juu yake mwenye gari wa zamani kaweka zulia jipya. Shokapu za nyuma zilikuwa zimevuja hadi zimekauka. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, mtu mzima wa heshima, mfanyabiashara wa machungwa Muheza, anauliza kama inaweza kuchomelewa hadi Jumamosi kwa sababu ana harusi. Inaweza, fundi alimwambia. Na ikachomelewa.

Kwa hiyo ninapoambiwa kodi ya uchakavu ipo ili nchi isigeuzwe jalala la magari mabovu, nataka kuuliza: lile la Ngamiani mmelihesabu wapi? Toyota ya miaka kumi na mitano iliyotoka Japani, kwa watu wanaokagua gari kila miaka miwili, ndiyo tumeiwekea kizuizi cha asilimia 30. Tumemwachia mnunuzi Carina ya miaka ishirini na tano ambayo ardhi inaonekana kutoka ndani. Kuna nchi zimeamua kupiga marufuku kabisa. Wenzetu Wakenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, hawaruhusu gari lililozidi miaka minane. Angalau wao wanasema hapana kwa wote. Sisi tunasema ndiyo, kisha tunamtoza zaidi asiye nacho.

Hoja ya Hazina siipuuzi. Magari ya zamani yanakunywa mafuta, yanatoa moshi, na fedha za kigeni zinakwenda kwenye spea. Najua pia kuwa asilimia 25 za forodha hazipangwi Dodoma peke yake, ni kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kimewekwa juu ili kulinda viwanda vya kuunganisha magari vya ukanda huu. Ni sawa, ingawa mwalimu wa Makorora bado hajaona kiwanda cha ukanda huu kinachomuunganishia gari dogo la bei yake. Lakini ushuru wa bidhaa na huo wa uchakavu ni wetu, Bunge letu linaugusa kila Juni. Mwaka 2017 lilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na siku ya pili yake hakuna aliyeikumbuka. Wakitaka, wanaweza.

Ninachokitaka ni hiki. Asilimia 30 ya uchakavu iondolewe kwa magari madogo, tuseme yasiyozidi cc 1,500, mpaka umri fulani unaoeleweka, na ibaki kwa magari makubwa ambayo mnunuzi wake hawezi kusema hana. Badala ya umri, tukague hali: gari linyanyuliwe juu, litazamwe chini, breki, shokapu, bati, na ukaguzi huo uyahusu yote, lililoshuka jana melini na lenye namba B. Bovu litengenezwe au likatwe chuma chakavu. Wenye namba B watanichukia, na huenda nikakosa lifti ya kwenda Pongwe kwa muda. Ila sioni usalama gani unaolindwa kwa kuangalia mwaka ulioandikwa kwenye kadi peke yake.

Nimeshawahi kuambiwa kuwa nchi haiwezi kupoteza mapato kwa ajili ya watu wanaotaka raha. Kwanza, kumwahisha mama hospitali sioni ni raha gani. Pili, turudi kwenye namba. Bila ule uchakavu, na VAT inayopigwa juu yake ikishuka, kodi ya gari la dola 4,000 inakuwa 2,195. Kwa dola ya shilingi 2,450, gari zima linatoka kwenye milioni 19.5 na kuwa milioni 15 na kidogo. Kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000 tangu Julai 2025, kwa hiyo hata hizo milioni 15 ni miezi thelathini bila kula wala kulipa luku. Mwalimu anapata zaidi ya kima hicho, na bado anapanga miaka. Tofauti hiyo ya milioni nne ndiyo ambayo safu ya mwisho ya daftari lake haijawahi kuifikia. Leo Hazina inapata kwake shilingi ngapi za gari? Hakuna, kwa sababu hajanunua. Anakwenda shule kwa baiskeli kama nusu ya mji huu. Kiwango kikishuka ataagiza, na wapo wenzake wengi wanaongoja hivyo hivyo, na kila mmoja atalipa zile dola 2,195 ambazo kwa sasa haziingii popote.