Mkao Ulikuwa Sahihi

Wanaonicheka hapa Kihonda, Morogoro, wameshika mwisho wa habari tu. Hawajui kwamba siku ile mkao wangu wa yoga ulikuwa sahihi kabisa: miguu mahali pake, mgongo mahali pake, hata pumzi ilikuwa inaingia na kutoka kwa utaratibu. Kilichoniangusha ni bawaba.

Niwaeleze kuhusu makochi kwanza. Mke wangu alipopokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa tulinunua seti nzima, la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Sebule yenyewe ni ya nyumba ya kupanga. Yalipoingia yote, mlango ukagoma kufungukia ndani. Fundi akaja, akakuna kichwa, akahamisha bawaba ili mlango ufungukie nje, akachukua chake akaondoka. Maisha yakaendelea.

Baadaye yakaanza magoti. Daktari alinipandisha kwenye mzani, ukasoma kilo 124, akaniambia nipunguze uzito na nitafute mazoezi yasiyotesa viungo. Binti yangu anayesoma chuo ndiye aliyeleta habari za yoga. Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wembamba wanaopigwa picha ufukweni jua likichomoza. Akafungua simu, akanionyesha Jessamyn Stanley, Mmarekani mwenye mwili mkubwa anayefundisha yoga wala hamwombi mtu radhi. Nikakosa kisingizio.

Basi nikawa najifunza sebuleni, mke wangu akiwa gengeni, kwa video za mwalimu mmoja mpole sana. Na kusema kweli nilijifunza. Kumbe sisi wanene tukijilazimisha kuingia kwenye mkao tunaumia bure. Mwili unatafutiwa nafasi. Ukitaka kuinama, tanua miguu kuliko anavyofanya mwembamba, legeza magoti, kisha shika nyama za tumbo kwa mikono yako mwenyewe uzisogeze zilipo na nafasi. Mara ya kwanza niliona haya, ingawa nilikuwa peke yangu. Kwenye mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na kuinamia mbele, magoti yanaachana ili tumbo lishuke katikati, na paji la uso linawekewa mto. Ule wa mbwa aliyejinyoosha, mikono na miguu chini makalio juu, visigino visipogusa sakafu si dhambi. Kunja magoti mgongo unyooke; usikakamaze miguu huku mgongo umeumuka kama wa kobe. Na vidole vya mikono uvitanue, uzito usije ukaangukia vifundo.

Mwalimu akasema pia kutumia vifaa si uvivu. Marehemu B.K.S. Iyengar wa Pune kule India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyesambaza sana mtindo wa kujisaidia kwa viti, mikanda, matofali ya mbao na kamba za ukutani. Mimi nikachukua stuli ya jikoni, khanga ya mke wangu nikaifanya mkanda, na vipande vya mbao alivyosahau fundi vikawa matofali.

Kifaa kimoja tu kilinishinda: ukuta. Kuna namna ya kuinama ambayo unasimama hatua moja kutoka ukutani, unaegemeza makalio, unakunja magoti kidogo, halafu unajishusha taratibu huku ukuta umekubeba. Kwa mtu wa kilo zangu ni raha isiyoelezeka. Lakini kuta zangu zote zilishaliwa na makochi, kabati la televisheni na friji. Chumbani nako kitanda. Palipobaki bapa ni mlango.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe alikuwa safarini kutoka Ifakara, na kwa hesabu zetu basi lingefika Msamvu jioni. Nikavaa bukta ya enzi za ujana, ambayo sitaieleza zaidi ya hapo. Nikauegemea mlango, nikajishusha. Kichwa kikaning'inia, mikono juu ya stuli, kiuno kikaanza kufunguka vizuri. Mwalimu ananong'ona kwenye simu: "Usinyanyuke ghafla. Acha mwili uwe mzito."

Huko nje nikasikia, "Hodi!"

Hapa ndipo watu wanaponiuliza kwa nini sikusema subiri. Jamani, ulimi wa Mswahili haungoji ruhusa ya kichwa. Nilishasema "Karibu!" kabla sijajua ni nani, tena kwa sauti ya uchangamfu, japo ilitokea katikati ya magoti.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa amebeba mzigo wa mchele, akashika kitasa akavuta.

Nikaenda na mlango. Makalio yakatangulia, yakavuka kizingiti, yakatua barazani kwa kishindo, mgongo ukafuata, na miguu, ikiwa haina tena cha kukanyaga, ikapanda juu na kunipita kichwani. Huo mkao upo, unaitwa wa jembe, na mwalimu alikuwa ametuonya wanaoanza wasiuguse.

Kwa chini kule nikaona vitu vichache sana. Kandambili za bluu. Pindo la kitenge. Kuku mwenye kamba mguuni akinitazama kwa jicho moja.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mama mkwe alikuwa ameshageuka zamani, amejifunika uso kwa khanga, anautazama mpapai wa jirani.

"Marahaba baba," akaujibu mpapai. "Hamjambo hapa?"

"Hatujambo mama. Karibu ndani."

"Tutapumzika kwanza."

Kuku akachomoka. Kijana wa bodaboda alitaka kumkimbilia, lakini kicheko kilimmaliza nguvu za miguu, akakaa juu ya gunia la mchele wetu akipangusa machozi. Simu nayo huko ndani: "Vizuri sana. Sasa tabasamu."

Mke wangu aliporudi na mchicha wake alimkuta mama yake upenuni, mimi chumbani nimefunga mlango, na watoto wa mtaa mzima wakikimbiza kuku. Nikasikia kupitia dirishani wakiongea chini chini.

"Ugonjwa huu umemwanza lini?"

"Si ugonjwa mama, ni mazoezi."

"Ya kukaribishia wakwe?"

Jumatatu fundi aliitwa tena. Akapima, akasema mlango ukirudi ndani, kochi la watu watatu lazima litoke. Mimi na mke wangu tukaanza kubishana bei yake. Mama mkwe, ambaye tangu Jumamosi alikuwa akiniagizia maneno kupitia kwa bintiye, akasema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Toeni kochi!"

Kochi likatoka. Nimepata ukuta wa tofali za kuchoma, hauendi popote, nauegemea kila asubuhi. Mama mkwe naye hajaacha kuja. Ila siku hizi ananipigia simu akiwa bado stendi, na kabla hajapanda bodaboda huwa anauliza swali moja tu: "Baba, umesimama?"